Kutoka Hendeli hadi Alteneta: Historia ya Lugha ya Kutafuta Ugonjwa wa Lori la Dizeli Lisilowaka wala Kuchaji

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya lugha inayotumiwa na mafundi na madereva wa Afrika Mashariki wanapotafuta ugonjwa wa lori la dizeli ambalo stata yake haizunguki au betri yake haichajiwi. Hoja kuu ni kwamba kila zama ya teknolojia, yaani hendeli, dinamo, volti 24 na alteneta, iliacha maneno na namna za kupima ambazo zimeishi muda mrefu kuliko vifaa vilivyozizaa. Makala yanaonesha kwamba kipimo cha kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma kilikuwa na mantiki kwa gari la petroli lenye dinamo, lakini kwa lori la dizeli lenye alteneta hakithibitishi lolote na huharibu kifaa kinachopimwa. Inapendekezwa kwamba kazi ya istilahi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki isiishie kwenye majina ya vifaa, bali ijumuishe vitenzi, sauti na vipimo.

1.0 Utangulizi

"Gari haliwaki." Dereva hutamka sentensi hii kwa simu kutoka Malaba, Rusumo au Mutukula, na mwenye lori aliye Mombasa au Kampala hulazimika kuamua papo hapo: atume betri, atume stata, amtume fundi, au alipe gari la kuvuta. Uamuzi huo una gharama. Mzigo wa ndizi au maziwa haungoji, na lori lililokwama katika foleni ya forodha huzuia mengine.

Tatizo ni kwamba sentensi hiyo moja hubeba hali tatu zisizofanana. Katika hali ya kwanza, dereva hugeuza ufunguo na injini haijitikisi. Katika hali ya pili, stata hutoa sauti lakini injini haizunguki, au huzunguka kwa uzito kama mtu anayeamshwa usingizini. Katika hali ya tatu, injini huzunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki. Hali mbili za kwanza kwa kawaida ni za umeme. Ya tatu, katika injini ya dizeli, kwa sehemu kubwa ni ya mafuta au hewa, kwa sababu dizeli haina plagi za kutoa cheche; mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Lugha ya gereji inazo njia za kutofautisha hali hizi. Husemwa kwamba gari "halipigi stata", au kwamba "linapiga stata lakini haliwaki". Hata hivyo, katika taarifa ya kwanza, ambayo ndiyo huamua fedha zitumike vipi, tofauti hiyo hupotea mara nyingi.

Tafiti za historia ya magari katika ukanda huu zimeanza kumtazama fundi kama mzalishaji wa maarifa, si mwigaji tu. Kazi ya King (1977) kuhusu mafundi wa Kenya na ya Grace (2021) kuhusu historia ya magari nchini Tanzania ni mifano miwili. Kwa upande wa lugha, Whiteley (1969) alieleza kukua kwa Kiswahili kama lugha ya taifa. Bado historia ya teknolojia na historia ya lugha hazijakutanishwa vya kutosha chini ya boneti la lori. Makala haya yanalenga pengo hilo.

2.0 Zama ya Hendeli

Magari ya kwanza hayakuwa na stata. Injini ilizungushwa kwa mkono kwa hendeli iliyochomekwa mbele, na kazi hiyo ilikuwa ya hatari: injini ikipiga kinyume, hendeli ilirudi kwa nguvu na kuvunja kifundo cha mkono. Stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering ilifungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, lakini hendeli iliendelea kubebwa ndani ya malori kwa miongo mingi baadaye kama msaada wa dharura.

Afrika Mashariki ilipokea gari la mizigo katika mazingira ya vita na upagazi. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, lakini mbali na reli mzigo ulibebwa kichwani, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi yaliwakusanya wapagazi kwa malaki, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Eneo lililopewa jina kwa sababu ya wabeba mizigo leo lina maduka ya vipuri vya magari yaliyowarithi wabeba mizigo hao.

Maneno ya tabaka hili la kwanza yanaonesha njia nyingi zilizokutana. "Gari" lenyewe limetoka Kihindi. "Hendeli", "spana", "taya" na "gereji" yametoka Kiingereza. Mafundi wa Kihindi, wakiwamo Makalasinga, walikuwa miongoni mwa waliosimamia gereji za mijini, na vijana wa Kiafrika waliingia humo kama wasaidizi na kujifunza kwa kutazama. Ndani ya lori alikuwapo "taniboi", ambaye Tanzania humwita pia "utingo". Neno taniboi linabeba ndani yake kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kugeuza au kuzungusha. Lori la leo halina hendeli, lakini msaidizi wa dereva bado anaitwa kwa jina lenye kitendo hicho. Huu ni mfano wa kwanza wa jambo litakalojirudia katika makala haya: kifaa hutoweka, neno hubaki.

Kwa injini ya dizeli, kutoweka kwa hendeli kulikuwa na uzito wa pekee. Rudolf Diesel aliendesha injini yake ya kwanza iliyofanikiwa mjini Augsburg mwaka 1897, na malori ya dizeli yalianza kuuzwa Ujerumani katika miaka ya 1920, hasa baada ya kampuni ya Bosch kuanza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukumia mafuta mwaka 1927. Injini ya dizeli hugandamiza hewa hadi sehemu moja ya kumi na tano au hata ya ishirini ya ujazo wake, kiasi ambacho ni kikubwa mno kulinganisha na injini za petroli za zama hizo. Mkono wa mtu hauwezi kuzungusha injini kubwa ya namna hiyo kwa kasi ya kutosha. Kwa hiyo lori la dizeli lilizaliwa likiitegemea stata, na stata iliitegemea betri. Petroli iliposhindwa na umeme, utingo alichukua hendeli. Dizeli iliposhindwa, watu walitafuta mteremko.

3.0 Dinamo, Jeshi na Katauti

Gari likishapata stata, sharti lipate kifaa cha kurudisha umeme uliotumika. Kifaa hicho kwa takriban nusu karne kilikuwa dinamo. Dinamo ilizalisha umeme wa mkondo mnyoofu na ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: injini ilipokwenda polepole, volteji yake ilishuka chini ya ile ya betri, na umeme ukataka kurudi nyuma. Ili kuzuia hali hiyo, kiliwekwa kisanduku chenye swichi ya sumaku iliyokata mawasiliano kila dinamo ilipolegea. Jina la swichi hiyo kwa Kiingereza liliingia gereji za Afrika Mashariki kama "katauti".

Vita vya Pili vya Dunia vilipanua tabaka la Waafrika waliojua maneno haya. Jeshi la King's African Rifles na vikosi vya uchukuzi vya Afrika Mashariki vilifunza madereva na mafundi waliotumikia Ethiopia, Madagaska na Burma. Lugha ya mawasiliano jeshini ilikuwa Kiswahili, katika umbo ambalo Mutonya na Parsons (2004) wamelichambua kama KiKAR. Askari kutoka Acholi, Ukamba, Unyasa na Ukerewe walijifunza kazi ya gari katika lugha moja, kisha wakarudi makwao. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa ikisanifisha tahajia na vitabu vya shule. Gereji nayo ilikuwa ikisanifisha maneno yake kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa haja ya kueleweka na mtu aliyeshika spana upande wa pili wa gari.

Katika zama hii ndipo lilipoimarika neno lenye kazi kubwa kuliko mengine yote: "moto". Umeme wa gari huitwa moto. Betri "haina moto", waya "unaleta moto", swichi "inapeleka moto". Neno hili ni la Kibantu, halikukopwa popote, na limefaa kwa sababu linaunganisha joto, cheche na uhai. Lakini lina mpaka wake. Istilahi za fizikia hutofautisha volteji, mkondo na ukinzani. "Moto" huvifunika vyote vitatu. Fundi mzoefu huziba pengo hilo kwa sentensi ya kuongezea: "Moto upo, lakini hauna nguvu." Sentensi hiyo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0, ni ugunduzi wa kweli wa kisayansi uliosemwa kwa maneno ya nyumbani.

4.0 Barabara Ndefu na Volti 24

Dizeli ilienea hatua kwa hatua baada ya vita, na barabara ndefu ndizo zilizoipa nguvu. Tukio moja lililoharakisha mambo lilikuwa la kisiasa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikapoteza njia yake ya kuaminika ya mafuta na shaba kupitia kusini. Malori yakaanza kupita Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea kusini, katika barabara ambayo wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya pamoja ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania iliyotumia malori ya Fiat kutoka Italia. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Kabla ya hapo, mzigo wa taifa zima ulitegemea injini za dizeli na watu waliojua kuziamsha alfajiri katika baridi ya Makambako.

Malori makubwa yalikuja na umeme wa volti 24, unaopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Sababu yake ni hesabu rahisi. Stata yenye nguvu ya kilowati 6 ikitumia volti 12 huhitaji mkondo wa ampea 500. Ikitumia volti 24 huhitaji ampea 250. Mkondo ukiwa nusu, waya unaweza kuwa mwembamba zaidi na joto linalopotea hupungua. Lakini betri mbili zilileta ugonjwa mpya. Mwenye lori akitaka redio au taa ya volti 12, njia rahisi ni kuchukua moto kwenye betri moja tu. Betri hiyo huchoka, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na mwishowe zote mbili hufa huku alteneta ikilaumiwa. Betri mbili za lori ni kama ndoa: haziolewi kwa umri tofauti. Maana yake ni kwamba hubadilishwa pamoja.

Miaka ya 1970 iliongeza sababu ya pili ya kukua kwa ufundi wa ndani, nayo ni uhaba. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na gereji na maduka mengi ya vipuri yakapoteza wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Viwanda vya kuunganisha malori vilikuwapo, kama kile cha Scania mjini Kibaha na cha Leyland mjini Thika, lakini vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikupatikana kwa urahisi. Kipuri kisipopatikana, sharti kifaa kibovu kifunguliwe. Kitenzi "kusuka", cha ukili na nywele, kikahamia kwenye nyaya za shaba: fundi "alisuka" stata, "alisuka" dinamo. Brashi za kaboni zilichongwa kutoka kwenye brashi kubwa zaidi. Gereji za Katwe mjini Kampala, Gikomba mjini Nairobi na Gerezani mjini Dar es Salaam, pamoja na zile ndogo zisizosajiliwa ambazo Watanzania huziita "gereji bubu", zikawa vyuo visivyo na vyeti.

Uhaba ulifundisha jambo moja la thamani, kwamba kubadilisha kifaa ndiyo hatua ya mwisho na si ya kwanza. Vipuri vilipojaa tena sokoni tangu miaka ya 1990, vingi vikiwa vilivyokwisha kutumika ng'ambo, mafunzo hayo yalianza kusahaulika. Ilikuwa rahisi zaidi kufunga stata nyingine na kuona kama gari litapiga.

5.0 Alteneta: Kipimo cha Zamani Kinapoua Kifaa Kipya

Kampuni ya Chrysler ilianza kufunga alteneta katika gari lake la Valiant mwaka 1960, na katika miaka iliyofuata kifaa hicho kiliiondoa dinamo duniani kote. Alteneta huzalisha umeme wa mkondo geu, kisha diodi za silikoni huunyoosha. Huchaji hata injini ikiwa inanguruma polepole, na diodi zake zenyewe huzuia umeme kurudi nyuma. Kwa maneno mengine, alteneta haihitaji katauti.

Hata hivyo neno halikuondoka. Katika gereji nyingi "katauti" leo ni jina la kidhibiti cha volteji cha alteneta, kifaa kilicho na kazi tofauti. Mafundi wazee nao huweza kuiita alteneta yenyewe "dinamo". Kuhama kwa maana ni jambo la kawaida katika lugha zote, na lisingekuwa na madhara kama majina pekee ndiyo yangehama. Hatari imekuja kwa sababu vipimo vimehama pamoja na majina.

Kipimo cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Katika gari la petroli lenye dinamo, kipimo hiki kilikuwa na mantiki: cheche za plagi zilihitaji umeme, hivyo injini ikizimika baada ya betri kuondolewa, dinamo haikuwa ikizalisha. Katika lori la dizeli lenye pampu ya kimakanika, mantiki hiyo huanguka. Injini hiyo haihitaji umeme ili iendelee kunguruma. Itanguruma alteneta ikiwa nzima au ikiwa imekufa. Kipimo hakijibu chochote. Zaidi ya hapo, betri ndiyo inayomeza mishtuko ya volteji. Ikiondolewa ghafla alteneta ikiwa inachaji kwa nguvu, volteji katika mfumo wa volti 24 huweza kuruka kupita volti 100 kwa kitambo kifupi, na kitambo hicho hutosha kuunguza diodi na kidhibiti. Alteneta iliyoletwa ikiwa nzima hupimwa, hufa, kisha huhukumiwa kuwa ilikuwa mbovu.

Jambo la pili linahusu taa ya betri katika dashibodi. Dinamo ilibaki na usumaku kidogo hata iliposimama, hivyo ilijianzishia yenyewe. Alteneta nyingi huhitaji mkondo mdogo wa kuziamsha, na mkondo huo hupita katika taa hiyohiyo ya dashibodi. Taa ikiungua, alteneta huweza kukosa kuamka. Dereva aliyerithi kanuni ya kwamba "taa isiyowaka ni heri" huona kioo kiko kimya na kufurahi, kumbe ukimya huo ndio ugonjwa. Kanuni sahihi ina sehemu mbili: taa iwake ufunguo unapofunguliwa kabla ya injini kuzunguka, kisha izimike injini ikishashika. Kwa sababu hiyohiyo, lori lililoshtuliwa mteremkoni likiwa na betri zilizokwisha kabisa huweza kutembea siku nzima bila kuchaji. Alteneta ni nzima ila haikuamshwa.

6.0 Mfuatano wa Upimaji na Lugha Yake

Historia iliyoelezwa inaweza kujaribiwa kwa lori la mfano. Lori la volti 24 limelala mpakani. Asubuhi halipigi stata, na dereva anakumbuka kwamba jana taa zilififia. Malalamiko ni mawili: haliwaki na halichaji. Fundi mwenye haraka ataona vifaa viwili vibovu na kuagiza stata na alteneta. Fundi mtulivu atauliza ni nini kilicho cha pamoja kati ya vifaa hivyo. Jibu ni betri, vichwa vyake, waya mkubwa, na ethi inayounganisha betri, chasisi na injini. Katika malori mengi waya mkubwa wa alteneta huishia kwenye skrubu ileile ya stata ambako waya wa betri hufika. Kutu moja mahali hapo huzuia moto kwenda na kurudi. Magonjwa mawili, chanzo kimoja.

Pia ugonjwa mmoja huzaa mwingine. Alteneta isiyochaji huimaliza betri, na betri iliyokwisha hufanya stata ionekane imekufa. Stata inayokwama huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi na kuimaliza betri, na alteneta huonekana haifanyi kazi. Kwa hiyo swali la kihistoria, yaani nini kilianza, ni swali la kitabibu pia. Lugha ya gereji inalijua hilo: gari "linaumwa", fundi "anatafuta ugonjwa", betri "imekufa". Mgonjwa huulizwa maumivu yalianza lini kabla ya kupewa dawa.

Hatua ya kwanza ya upimaji ni sikio. Ufunguo unapogeuzwa, sauti nne hutofautiana, na zote huelezeka kwa tanakali. Kimya kabisa huku taa zikibaki angavu huelekeza kwenye njia ya amri: ufunguo, rilei, au waya mdogo wa solenoidi. "Ta!" moja nzito huonesha kwamba solenoidi imevuta, lakini mkondo mkubwa haukupita. "Tatatata" ya haraka, taa zikififia, huelekeza kwenye betri iliyoishiwa au mawasiliano mabovu. "Zii" ya mota inayozunguka peke yake huonesha kwamba bendiksi haikushika gurudumu la injini. Neno hilo nalo ni jina la Mmarekani, Vincent Bendix, lililogeuka kuwa jina la kifaa. Tanakali hizi hazipatikani katika orodha za istilahi, ingawa zina taarifa nyingi kuliko nomino yoyote, na dereva yeyote anaweza kuzitamka kwa simu.

Hatua ya pili ni kipimo. Hapa udhaifu wa neno "moto" hujitokeza. Fundi anayetumia taa ya kupimia huigusisha kwenye skrubu ya stata, nayo huwaka. Anatangaza kwamba moto upo. Taa hiyo huhitaji ampea moja au chini ya hapo, ilhali stata huhitaji mamia. Waya uliooza ndani, uliobakiwa na nyuzi chache, huiwasha taa vizuri lakini hauwezi kuizungusha stata. Moto upo, hauna nguvu. Kwa istilahi za fizikia, volteji ipo lakini ukinzani wa njia hauruhusu mkondo.

Dawa ya utata huu ni kupima wakati kazi inafanyika. Betri mbili nzima zilizotulia husoma takriban volti 25.2. Stata inapozungusha injini, usomaji usishuke chini ya takriban 19. Kisha ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake, na nyingine kwenye skrubu ya stata, wakati msaidizi anapiga stata. Mita ikionesha zaidi ya volti moja, moto unapotelea katika waya huo au viungo vyake. Kipimo hichohicho hurudiwa upande wa ethi, kutoka nguzo hasi ya betri hadi kwenye bloku ya injini, upande ambao mara nyingi husahaulika. Injini ikishawaka, betri zisome kati ya volti 27.5 na 28.5. Zikibaki 25, hazichajiwi. Hapo huangaliwa mkanda, taa ya dashibodi, na tofauti kati ya usomaji wa alteneta na ule wa betri. Hakuna waya unaochomolewa.

7.0 Kutoka Malaba hadi Goma

Lori moja linaloondoka Mombasa huweza kupita Malaba, Katuna na Kigali kabla ya kufika Goma, na ugonjwa wake hubadilishiwa jina njiani. Linaloitwa "lori" Mombasa huitwa "loole" na Waganda, na "kamiyo" mashariki mwa Kongo. Fundi aliyejifunza Kenya au Tanzania husema "ethi", neno la Kiingereza. Aliyejifunza Bukavu au Bujumbura husema "masi", neno la Kifaransa. Kila mmoja anajua kifaa chake, lakini dereva anayesimama kati yao huweza kununua kitu kisicho sahihi.

Mazingira ya kisera yamebadilika kuliko wakati mwingine wowote. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, Jumuiya ilikipitisha kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2021, Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua vivyo hivyo mwaka 2022, na mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya. Hata hivyo, hadhi ya rasmi haiingii gereji yenyewe. Vitabu vya watengenezaji na sehemu kubwa ya mitihani ya ufundi bado ni vya Kiingereza au Kifaransa, na malori mapya yenye kompyuta huandika makosa yao kwenye dashibodi kwa lugha hizohizo. Ikiwa katauti ilichukua nusu karne bila kuelezwa upya, ujumbe wa kompyuta usioelezwa utapotosha kwa kasi kubwa zaidi.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonesha kwamba lugha ya mafundi si Kiswahili kibovu kinachosubiri kusafishwa. Ni kumbukumbu ya tabaka kwa tabaka ya namna watu wa ukanda huu walivyoielewa mashine: taniboi ana hendeli ndani ya jina lake, katauti ina dinamo, na kusuka kuna uhaba wa miaka ya 1970. Wakati huohuo kumbukumbu hiyo hubeba kanuni zilizokwisha muda wake, na baadhi ya kanuni hizo huua vifaa na kula mitaji ya watu.

Mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na BAKITA, TATAKI na mamlaka za mafunzo ya ufundi za nchi wanachama, iandae kamusi ya ufundi wa magari itakayoweka "ethi" na "masi" bega kwa bega, na itakayoeleza kila kifaa pamoja na kipimo chake. Pale neno la zamani lilipohama, kama katauti, kamusi iseme wazi lilimaanisha nini na sasa linamaanisha nini.

Pili, kampuni za uchukuzi na vituo vya mpakani vitumie fomu fupi ya Kiswahili ya kuripoti gari lililokwama, yenye maswali manne: injini inazunguka au haizunguki, sauti ni ipi, taa zinafifia au hazififii, taa ya dashibodi iliwaka kabla ya kuwasha au haikuwaka. Majibu ya maswali hayo hayahitaji mita, na yatapunguza safari za kutuma kipuri kisichohitajika.

Tatu, mafundi waliofanya kazi katika zama za dinamo warekodiwe wangali hai. Wengi wao hawana vyeti, na maarifa yao hayamo katika kitabu chochote. Mwanaisimu atapata kwao maneno, mwanahistoria atapata tarehe, na mkufunzi wa ufundi atapata jambo lenye faida zaidi: sababu ya kila kipimo, ili mwanafunzi ajue kipi cha kurithi na kipi cha kuacha.